Dabi ya Magurudumu na Mipasho ya Mbagala

Atokaye Kariakoo kwenda Mbagala huishika Barabara ya Kilwa, akapita Mtoni kwa Aziz Ali, akapita Mtongani na Zakhem, hata akateremka Rangi Tatu, pahala ambapo miaka arobaini nyuma palikuwa na mikorosho na minazi mingi kuliko nyumba. Dada yangu mkubwa alihamia huko mwaka 1986, kwa mumewe. Sisi tuliobaki Unguja tulimsikitikia, tukidhani amekwenda kuishi shamba. Hatukujua kuwa amekwenda kuishi katikati ya ngoma.

Ni nyumbani kwake, siku ya pili ya Idi, ndipo lilipozuka jambo ninalotaka kulisimulia. Binti yake, aishiye Marekani, alikuwa amekuja kututazama. Baada ya chakula alitoa simu yake akatuonyesha picha za video: wanawake kumi, wamevaa kofia ngumu na vikinga magoti na viwiko, wanazunguka uwanja wa duara juu ya viatu vya magurudumu. Watano walikuwa na sare nyeusi, watano nyekundu. Walisukumana kwa mabega na nyonga, wakaanguka, wakainuka, na watu waliokaa pembeni wakapiga makelele kana kwamba bwana harusi ameingia. Mmoja wa wale wa nyekundu alikuwa yeye mwenyewe, mtu mzima mwenye watoto wawili.

Dada alivaa miwani, akatazama mpaka mwisho pasipo kusema neno. Kisha akauliza, "Na hawa, nani anawatungia?"

Binti akacheka. "Mama, hakuna anayetutungia. Huu ni mchezo, si taarab."

"Hapana mashindano ya wanawake yasiyokuwa na mtungaji," dada akamjibu, na akaenda zake jikoni kutia chai.

Nilivuka bahari kurudi nyumbani na swali hilo kichwani. Mwanzoni nililichukulia kuwa ni mzaha wa mtu mzima asiyeelewa anachotazama. Kila nilivyolifikiri, niliona kuwa dada ndiye aliyeelewa, na kwamba katika swali lake mna historia ndefu ya pwani yetu, na ndani yake mna pia historia ya mchezo ule wa ugenini.

Mchezo wenyewe huitwa rola dabi. Neno dabi tunalijua kwa ajili ya Simba na Yanga, na msomaji asihangaike nalo zaidi ya hapo. Mwanzilishi wake ni Leo Seltzer, mfanyabiashara wa burudani, na siku yake ya kwanza ni tarehe 13 Agosti 1935, katika ukumbi wa Coliseum mjini Chicago. Ilikuwa miaka ya dhiki na ukosefu wa kazi. Mwanzo haukuwa na ugomvi wowote: mwanamume na mwanamke walifanya jozi, wakapokezana kuuzunguka ukumbi siku baada ya siku, mpaka jumla ya mizunguko yao itimie umbali wa kuikata Marekani kutoka pwani moja hadi nyingine. Watu walilipa kiingilio kuangalia uchovu wa wenzao. Miaka miwili baadaye mwandishi Damon Runyon aligundua kuwa watazamaji huinuka vitini pale wachezaji wanapogongana tu. Akamshauri Seltzer aufanye mgongano ndio uwe mchezo. Ikawa hivyo.

La kushangaza katika mchezo huo ni kuwa tangu awali wanawake walicheza uwanja mmoja na wanaume, kwa kanuni zilezile, zamu kwa zamu, na pointi zao zikajumlishwa pamoja. Miaka ya 1930 hapakuwa na michezo mingi duniani iliyompa mwanamke haki hiyo. Tena si haki tu, bali wanawake ndio waliovuta watu. Novemba 1948 kituo cha CBS kilirusha dabi kutoka New York, wakati ambapo wenye televisheni majumbani walikuwa wachache na wengi walitazama katika baa. Waliouona mchezo kwenye kioo waliutafuta ukumbini. Hawakufuata timu kama walivyofuata uhasama wa watu wawili: Midge Brasuhn, mfupi wa kimo, aliyepewa lakabu ya mkorofi, na Gerry Murray, mrembo mwenye kasi. Kila nyumba iliyokuwa na televisheni ilikuwa na upande wake.

Televisheni iliyoujenga mchezo ndiyo iliyouchosha. Ulionyeshwa mno, watu wakakinai. Mwana wa Seltzer, Jerry, akaufufua tena kutoka California kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, akazungusha kanda zake kituo hadi kituo, na hapo wakatamba Joan Weston, na Ann Calvello aliyejipaka nywele rangi za kila namna na ambaye watu walikata tiketi ili wapate kumzomea. Desemba 1973 Jerry Seltzer akafunga biashara. Wazee wa Marekani wa leo ambao walikuwa watoto wakati ule huuzungumzia mchezo huo kwa macho ya kuona mbali: bibi amekaa mbele ya kioo, amekunja ngumi, anamtukana mwanamke asiyemsikia.

Swali lililoufuata mchezo ule maisha yake yote lilikuwa moja: je, ni kweli au ni maigizo? Wengi walisema mshindi hupangwa. Huenda mara nyingi walikuwa sahihi. Lakini mifupa iliyovunjika haikuwa ya kuigiza, na chuki ya watazamaji haikuwa ya kuigiza, na mshahara mdogo wa wachezaji ulikuwa wa kweli kabisa. Timu, majina, ratiba na kanda, vyote vilikuwa mali ya mwenye kampuni. Ukipenda kulijibu swali la dada yangu kwa zama zile, jibu ni kwamba aliyewatungia alikuwa Seltzer.

Sasa naomba msomaji arudi nami pwani, maana huku mashindano ya wanawake yalianza kabla ya gurudumu la Chicago, na yalianza kwa umiliki wa namna nyingine kabisa.

Lelemama ilikuwa ngoma ya wanawake wa mijini. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ameeleza kwa urefu jinsi vyama vya lelemama vilivyokuwa na vyeo, sare, michango na kanuni. Ibinaal Watan na Banu Saada vilipambana kwa nyimbo, kwa nguo na kwa karamu. Chama kimoja kikishona, kingine kitashona kwa thamani zaidi. Kimoja kikipika kwa siku moja, kingine kitapika siku mbili. Masheikh waliwakemea kwa israfu, na waume walilalamika kuwa mapambo yanaingia rehani. Yote hayo yalikuwa na haki yake. Lakini mtu asipuuze kilichokuwa chini ya sare: wanawake ambao sheria ya kikoloni haikuwatambua popote walikuwa wakijichagulia viongozi, wakitunza hazina, wakiamua mzozo, na wakitunga. Manju wa lelemama alikuwa mwanamke, na shairi la kumchoma mpinzani lilitoka katika kinywa kilichohusika na ugomvi. Vyama viwili vya maendeleo vya wanawake wa Kiislamu vilivyozuka Mombasa mwishoni mwa miaka ya 1950 vilirithi mtandao huohuo, na, lazima tukiri, vilirithi na ushindani wake.

Dar es Salaam mambo yalikwenda mbali zaidi. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba kabla hajawa chochote katika siasa. Mwaka 1955, TANU ilipotaka tawi la wanawake, hakwenda kwa wasomi, kwa kuwa wasomi wanawake walihesabika kwa vidole. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma. Susan Geiger ameyaeleza haya kwa ufasaha katika kitabu chake cha mwaka 1997: vikundi vilivyokuwa vikitambiana kwa nyimbo viligeuka kuwa njia ya kupitishia habari, kadi na michango, na katika muda mfupi maelfu ya wanawake walikuwa wameingia. Wale wasemao kuwa mashindano huwagawa wanawake na waijibu hoja hii. Bila ya mashindano Bibi Titi asingalikuta wanawake waliojipanga tayari.

Unguja nayo haikuwa nyuma. Baada ya Siti binti Saad kufungua njia kwa sahani zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, wanawake wakaunda vikundi vyao vya taarab, na majina yao yanatosha kukuonyesha nia yao: palikuwa na Royal Air Force, palikuwa na Royal Navy. Jeshi la anga dhidi ya jeshi la majini, wote ni bibi zetu, wamekaa juu ya mikeka na kanga zao. Baadaye Nuru el-Uyun na Sahib el-Ary wakaendeleza kijembe kwa kijembe. Nilipokuwa msichana niliwahi kumwona mwanamke mtu mzima akinyanyuka katikati ya shughuli, akaenda kumtuza mwimbaji noti moja, polepole, huku macho yake hayabanduki kwa mwanamke mwingine aliyekaa safu ya nyuma. Hapana neno lililosemwa, na ukumbi mzima ulielewa. Sijaona uwanjani bao lililofungwa kwa utulivu kama ule.

Ilipofika miaka ya 1980 ushindani huo ulikuwa umepata jukwaa jipya bara, na hapa ndipo Mbagala inapoingia. Vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vilikuwa vikionyesha kila kitu kwa usiku mmoja: ngoma, sarakasi, kwaya, maigizo na taarab. Kikubwa kati yao kilikuwa Muungano, chini ya Norbert Chenga. Mwaka 1992, nchi ilipoingia katika mfumo wa vyama vingi, CCM ikaunda kikundi chake, Tanzania One Theatre, TOT kwa kifupi, chini ya Kapteni John Komba, aliyefariki mwaka 2015. Pakawa na Simba na Yanga nyingine. Waimbaji waligombaniwa kama washambuliaji wa mpira. Mbele ya majeshi hayo mawili wakasimama wanawake wawili, Khadija Kopa wa TOT, mtoto wa Unguja aliyelelewa kisanii na Culture Musical Club, na Nasma Khamis, Kidogo, wa Muungano. Wimbo wa huyu ulijibiwa na wimbo wa yule, na jibu likazaa jibu. Ndipo neno mipasho likatapakaa kutoka uani hadi magazetini. Siri Lange ameandika juu ya uhasama wa vikundi hivyo katika kitabu Mashindano!, kilichohaririwa na Frank Gunderson na Gregory Barz na kuchapishwa Dar es Salaam na Mkuki na Nyota mwaka 2000; mwenye kutaka kuchimba na akitafute.

Vikundi hivyo havikuwangoja watu mjini. Vilikwenda kwenye baa na kumbi za pembezoni: Temeke, Manzese, Mbagala. Dada yangu alikuwa wa Muungano. Jirani yake wa ukuta mmoja alikuwa wa TOT. Kwa miaka minne hivi, anavyosimulia, walichota maji kisima kimoja na kuazimana chumvi, na bado usiku wa onyesho kila mmoja alikaa upande wake wa ukumbi, amejifunga kanga yenye jina la kumkusudia mwenziwe. Mtu asiyewajua angedhani watakuja kuuana. Walikuja kuwa makungwi wa mabinti wa wao kwa wao.

Mwaka 1994 televisheni ya ITV ilianza kurusha matangazo bara. Sisi wa Visiwani tulikuwa nayo yetu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na tulijigamba kwayo, lakini hayo ni ya siku nyingine. Katika mtaa wa dada umeme ulikuwa haujafika. Mzee mmoja alinunua televisheni ndogo ya nyeusi na nyeupe, akaiendesha kwa betri ya gari, na akaiweka barazani. Jioni kilipokuwapo kipindi cha taarab wanawake walikuja na mikeka. Betri ikianza kuchoka picha hujikunja kutoka pembeni kuelekea katikati, mpaka mwimbaji akabaki mwembamba kama uzi, na wanawake waliendelea kumshangilia uzi huo. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi, na kila mara dada huisimulia kwa sauti ileile waisimuliayo Wamarekani wazee wanapomkumbuka Joan Weston.

Ninaiheshimu sauti hiyo, lakini siiamini yote. Kumbukumbu ya televisheni ina tabia ya kuhifadhi kilichokuwa mbele ya kamera tu. Dada hukumbuka nguo ya Khadija, mkono wa Nasma, shingo iliyogeuzwa. Hakumbuki, kwa sababu hakuonyeshwa, nani alikuwa na ufunguo wa sanduku la mapato ya mlangoni. Kikundi kimoja kilikuwa mali ya chama cha siasa, kingine kilikuwa biashara ya mwenyewe. Na mashairi yale ya mwanamke kumchamba mwanamke, ambayo tuliyapokea kama siri ya uani iliyovuja, aghalabu yalitungwa na wanaume. Silisemi hili kwa kuwadharau watunzi hao, wengine wao walikuwa mafundi wa vina ambao gazeti lolote la mashairi lingejivunia. Nasema tu kwamba toka manju wa lelemama mpaka mipasho ya miaka ya 1990, kinywa kilibaki cha mwanamke na kalamu ilikuwa imeshahama. Swali la dada, basi, halikuwa la kijinga hata kidogo. Yeye alizoea kuona wanawake wawili wakipigana kwa silaha walizopewa.

Anguko lilikuja kwa njia ileile lilikokuja kwa dabi. Televisheni ilichukua kwanza maigizo. Wasanii kama wa kundi la Kaole wakaonekana ITV bila kiingilio, na mtu hakuwa na sababu tena ya kukaa baa mpaka saa nane za usiku kungoja mchezo. Zikaja redio za FM na Bongo Fleva. Taarab ilijitenga na kikundi kizima cha sanaa ikaenda peke yake, na kinanda kimoja cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, kanuni na akodiani. East African Melody, lililoanzia kwa Wazanzibari waliokuwa Dubai, lilikuwa limeshaonyesha njia hiyo. Pakaingia usiku wa rusha roho. Mwaka 2006 Mzee Yusuf akaanzisha Jahazi, na miaka michache baadaye Isha Mashauzi, aliyeimba humo, akatoka kuunda Mashauzi Classic. Khadija Kopa naye alikuja kuwa na bendi yenye jina lake. Mwenye kupenda taarab ya zamani huyasema mambo haya kwa kusonya. Mimi pia husonya, maana masikio yangu ni ya fidla. Lakini ningependa tuone kilichotokea hapo: mwanamke aliyekuwa akiimba kwenye bendi ya watu sasa ana bendi, analipa wapiga vinanda, na jina lililo juu ya tangazo ni lake.

Mbagala ilipata ukumbi wake mkubwa mwanzoni mwa miaka ya 2010, Dar Live, pale Zakhem, na taarab ya vinanda ikapanda jukwaani humo kwa taa na moshi. Nje ya ukumbi, mitaani, vijana walikuwa na vigodoro vyao, ngoma za usiku kucha zilizofukuzwa mara kwa mara na wakubwa wa serikali, na humo ikachipuka singeli, ambayo ina kasi ya kumtoa mtu roho na ambayo katika siku zake za awali ilikata vipande vya taarab na kuvikimbiza. Nimeisikiliza singeli kwa subira, kwa ajili ya wajukuu. Mpigo wake sijauzoea. Kijembe chake nakijua.

Huku Unguja ufufuo ulichukua sura nyingine. Mwaka 2009 Bi Mariam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarab cha wanawake ambamo wanawake wenyewe hupiga ala, hata zile ambazo kwa muda mrefu zilishikwa na wanaume peke yao. Watu walikwenda kutazama kama wanaokwenda kutazama ajabu. Wakakuta muziki.

Na tuwatazame tena wale wa magurudumu. Mwaka 2001, katika mji wa Austin, Texas, mwanamume mmoja aliwakusanya wanawake kwa wazo la kuirudisha dabi, kisha akaondoka, akawaacha na mipango isiyo na fedha. Hawakutawanyika. Waliunda umoja wao, na walipokosana wakagawanyika mara mbili, kama ilivyo desturi ya umoja wowote ulio hai. Waliouchukua mchezo sakafuni, pasipo uwanja ulioinuliwa pembeni, waliufanya uwe rahisi kuigwa, kwani mtu anahitaji chaki na ukumbi tu. Kila upande huweka watano. Mmoja ana nyota kwenye kofia, na hupata pointi kwa kila mpinzani anayempita, ilhali wanne waliobaki humfungulia njia na kumzibia mwenziwe. Mzunguko mmoja hauzidi dakika mbili. Kufikia 2005 walikuwa na shirikisho lao linaloongozwa na wachezaji, na miaka ya 2010 timu zilihesabika kwa mamia duniani; hata Cairo walianza mwaka 2012. Kila mchezaji hujichagulia jina la uwanjani, la mzaha na kitisho kwa pamoja. Ninapoyasikia majina hayo huwakumbuka Royal Navy wa Unguja, na hulikumbuka jina la Mashauzi, ambalo kwa Kiswahili chetu ni maringo yaliyokusudiwa kuonwa. Haya hayakujirudia kama yalivyokuwa. Matokeo hayapangwi tena. Televisheni ni ya bahati nasibu. Hakuna anayelipwa, na kila mmoja hulipa ada.

Wapo wanaoniambia kuwa ushindani wa wanawake wa Mbagala umekwisha kuhamia mpirani, na hawakukosea kabisa. Chamazi, mwendo mfupi kutoka Rangi Tatu, upo uwanja wa Azam Complex, ambako mechi za ligi ya wanawake zimekuwa zikionyeshwa kwenye televisheni. Ligi hiyo ilianza msimu wa 2016/17, Mlandizi Queens wakatwaa ubingwa wa kwanza, na tangu hapo JKT Queens na Simba Queens wamekuwa wakinyang'anyana. Agosti 2022 Simba Queens walitwaa hapohapo Chamazi taji la klabu za wanawake za Afrika Mashariki na Kati. Nilipelekwa siku moja na wapwa zangu. Mbele yangu walikaa akina mama sita wenye kanga sare, na katika dakika zote tisini sikuwasikia wakitaja mchezaji kwa jina, waliimba. Nilitega sikio. Nyimbo zilikuwa zao, za siku ileile, na mbili katika hizo haziandikiki katika jarida hili.

Nirudi kwenye siku ya Idi. Chai ililetwa. Binti, ambaye alikuwa bado analitafakari swali la mama yake, akamgeuzia: "Na nyinyi siku hizi, nani anawatungia?" Dada hakujibu. Alikwenda chumbani, nikadhani amekwenda kutafuta zile kanda zake za video, ambazo tunajua sote kuwa unyevu na mchwa wamezimaliza. Alirudi na daftari la shule lenye jalada la bluu. Lilikuwa daftari la kikundi chao, wanawake ishirini na wawili wa Rangi Tatu wanaochangiana harusi na misiba, wanaonunua sare, na wanaokwenda kwenye shughuli kwa nyimbo zao wenyewe. Kurasa za mbele ni majina na michango. Kurasa za katikati ni faini: kuchelewa, kukosa msiba, kuvaa sare siku isiyo yake. Kurasa za nyuma ni mashairi, kwa mwandiko wa dada yangu, ambaye katika miaka yote hii hakuwahi kuniambia kuwa anatunga.

Binti alizisoma faini kwa kicheko. Alisema na wao wana daftari kama hilo, na aliwahi kutozwa kwa kuchelewa mazoezini. Kisha akamtaka mama yake amtungie kitu cha kuwapelekea wapinzani wake. Dada alikataa, akasema hawezi kumtungia mtu ugomvi asioujua. Tulikunywa chai. Alipokuwa anakusanya vikombe alisema, kama anayejisemea mwenyewe:

Waenda kwa gurudumu, mwenzio aja kwa mwendo,
Ukianguka ni zamu, kucheka wenye vishindo.

"Huo unanipiga mimi, mama," binti akasema.

"Ndiyo," dada akajibu. "Wewe ndiye niliyekuona ukianguka." Akalifungua daftari kwenye ukurasa wa majina, akampa kalamu, na akamwambia kuwa mchango wa mwezi ni shilingi elfu kumi, na kwamba wa Marekani hawapunguziwi.